Mimea ya Mpaka Juu ya Vulamba

Kilima cha Vulamba ambacho vijana wa Butembo leo wanakiita Belle Vue kilipewa jina hilo na mtu aliyekuwa akichokonoa meno. Nilikuwepo. Niliketi karibu naye, vidole vyangu viking'aa mafuta ya mbuzi, na aliposema mahali hapo sasa paitwe Belle Vue, yaani mandhari nzuri, nilicheka kwa adabu na kumwambia kwamba amechagua jina zuri. Juma lililopita nilitoka Beni kwenda kwenye matanga ya Mama Masika, na dereva wa pikipiki aliyenichukua kutoka parking, kituo cha magari, alipitia chini ya kilima hicho. Kibao cha baa kimesimamishwa njia panda: Nganda Belle Vue, bia baridi, mbuzi wa kuchoma. Dereva alipunguza mwendo ili nisome vizuri. Akanieleza, kama mtu anayempa mgeni zawadi, kwamba watu wa arusi hupanda kule kupiga picha, na kwamba muziki wake unasikika mpaka ng'ambo ya mto Kimemi. Moshi wa nyama ulikuwa ukiteremka na upepo. Nilifunga pua kwa leso, naye akadhani ni vumbi.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule wa vita ya pili, wakati waasi walipokuwa wakitawala Beni na Butembo, na kila kundi lililofukuza lingine lilitubadilishia wakubwa kama mtu anayebadilisha maji machafu kwa maji machafu. Nilikuwa nikifundisha Beni. Shule ilipofungwa nilipanda Butembo na kupanga chumba Vulamba, katika ua wa Mama Masika. Kwa umri sikuwa tena kijana sana. Kwa akili nilikuwa bado. Chumba kilikuwa cha udongo na fito, na unyevu ulikuwa umechora ramani za kijani ukutani mpaka juu ya kalenda ya parokia. Dirisha lilikuwa la ubao, na nilipolifungua asubuhi nilikuwa uso kwa uso na jiko lake, ambako alikaanga beignets, maandazi ya kuuza sokoni. Nguo zangu zote zilinuka yale mafuta. Mume wake alikuwa porini akitafuta dhahabu, na habari zake zilifika kwa midomo ya watu tu. Masika alinikubalia nilale kwa ahadi ya kulipa, kwa sababu nilikuwa mtu wa shule, na bado aliamini kwamba mtu wa shule ana faida.

Kwetu Wanande jina la mtoto hufuata zamu yake ya kuzaliwa. Binti wa kwanza huitwa Masika. Mvulana wa kwanza huitwa Paluku, na anayemfuata ni Kambale. Ukisikia jina la mtu unajua wangapi walimtangulia, hata kama huwaoni. Masika alikuwa amemzaa Paluku mwaka mmoja kabla sijafika. Mtoto hakufika siku ya ubatizo. Kwa mazoea ya wazee wake, mtoto wa namna hiyo hakupelekwa makaburi ya misheni. Alipandishwa kilimani, akazikwa mahali ambapo watoto wengine kama yeye walilala, na juu yake ukapandwa muramura, ule mmea wa majani marefu kama panga ambao hata ukiukata na kuutupa huota. Hakukuwa na msalaba wala jina. Tulipopanda pamoja siku moja kutafuta kuni, Masika alinyoosha kidevu tu kuelekea kundi la muramura, akasema wa kwake ni ule uliogawanyika mara mbili karibu na shina. Kisha akaendelea kuokota matawi ya mikaratusi. Sikuuliza zaidi. Kila mtu wa Vulamba alijua, na hakuna aliyeongea.

Nilikutana na Komanda, mkuu wa askari wa waasi waliokuwa mjini, kwa sababu ya Kifaransa changu. Jina lake sitaki kuliandika. Alikuwa mtu wa mkoa wa mbali, wa upande wa magharibi, mwenye sauti laini na buti za mpira ambazo hakuzivua hata mezani. Aliishi katika nyumba ya mfanyabiashara aliyekuwa amekimbilia Kampala. Siku moja barabarani aliwauliza watu waliopangwa mstari na askari wake ile nyumba ya matofali yenye bomba refu la moshi ilikuwa ya nani. Wote walitazama chini, isipokuwa mimi, ambaye nilitoka kwenye mstari na kumweleza kwa Kifaransa safi kwamba ilikuwa ya mzungu wa madini wa zamani, aliyeogopa baridi ya Butembo kuliko nyoka. Alicheka. Akasema hatimaye amepata mtu wa kuzungumza naye katika mji huu wa wauza vitenge. Na mimi, badala ya kukasirika kwa ajili ya mji uliokuwa ukinilisha, nilijisikia kama mtu aliyevishwa koti jipya.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya misa tulitembea. Alipenda aliyoyaita promenades, na nilimpa Vulamba yote. Nilimwonyesha nyumba ya bomba la moshi, na jiwe kubwa lililokatwa ngazi na wafungwa wakati wa ukoloni. Nilimpeleka kwenye chemchemi ambako mabinti hupanga madumu yao foleni, nao walipotuona waliyaacha madumu na kwenda zao. Tulipita mtaa wa wenye maduka, ambako nyumba za ghorofa zilikuwa zimefungwa madirisha mchana kweupe, na wenyewe wakachungulia, wakatoka kutusalimia kwa mikono miwili, wakicheka mapema kabla hajasema lolote. Mzee mmoja mwenye maduka alimfuta Komanda tope la buti kwa leso yake mwenyewe. Nilimdharau mzee yule moyoni, na Jumapili iliyofuata nilimbebea Komanda darubini yake. Kisha tulipanda njia za mlimani kati ya mashamba ya maharage, tope jekundu likitushika miguu, mpaka mahali ambapo mji wote ulionekana: kanisa kuu, soko, mabati, Kimemi ikijipinda kama utumbo uliomwagwa. Njiani askari wake walichukua walichotaka. Ndizi, kuku, mara nyingine mbuzi aliyefungwa nyuma ya nyumba. Wenye nyumba walinitazama mimi, si askari. Nilijifunza kutazama mandhari.

Jioni moja nikiwa chumbani nilisikia Masika na jirani yake Mama Kahindo wakimenya mihogo jikoni. Ubao wa dirisha haukuzuia neno. Mama Kahindo alikuwa akiuliza kama ni mwalimu anayemtembeza askari au ni askari anayemtembeza mwalimu, maana kwa mbali huoni kamba iko shingoni mwa nani. Walicheka, mpaka Mama Kahindo akakohoa. Masika alisema mtu akikaa na njaa muda mrefu anakuwa mpole, wanisamehe. Ningependa kusema kwamba maneno yale yalinichoma. Yalinikera tu, kama mtu anayesikia watu wasiojua kitu wakikosoa kazi yake. Usiku ule Masika aliniwekea sahani ya bugali na sombe, kisamvu chetu, mlangoni, kama kawaida, na niliila yote.

Jumapili ya mbuzi ilikuwa na jua zuri, jambo la nadra kwetu. Mbuzi alichukuliwa kwa mama mmoja chini ya jiwe la ngazi. Askari walimbeba mpaka juu na kumchomea palepale kwenye muramura, kwa sababu palikuwa tambarare. Walibabua manyoya kwanza. Harufu ya manyoya yaliyoungua bado inanijia bila kuitwa, hata kanisani. Walimwaga utumbo kati ya mashina, inzi wakaja, na askari mmoja akageuka kando kidogo, hatua chache tu, akajisaidia haja ndogo kwenye majani huku akiendelea kusimulia hadithi yake. Komanda alikata jani refu la muramura, akalifuta kwa kiganja, akaweka nyama juu yake kama kwenye sahani. Akatazama huku na huku. Akaniuliza mimea hii iliyopandwa kwa mpangilio ni ya nini.

“Ni mimea ya mpaka tu, mon commandant,” nilisema. “Watu wanaweka kwa kutenganisha mashamba.”

Haikuwa hata uongo kamili, kwa kuwa kwetu muramura hupandwa pia mipakani. Ndiyo maana uongo ule ulinitoka mdomoni kwa urahisi. Nimetumia miaka mingi kutafuta sababu yenye heshima. Zamani nilijiambia kwamba nilikuwa nikilinda siri ya Vulamba. Si kweli. Niliona aibu. Mtu huyu alikuwa ametoka kunisifu kwa kujua majina ya miti kwa Kifaransa, nami sikutaka ajue kwamba natoka kwa watu wanaozika watoto wao kilimani kimyakimya. Na kulikuwa na jambo dogo zaidi, chafu zaidi: nyama ilikuwa imeiva. Kama ningesema ni makaburi, tungehama, au tungeondoka. Askari waliogopa sana makaburi. Hakuna hata mmoja ambaye angebaki. Nilikuwa sijaonja nyama kwa muda mrefu. Komanda alinikatia kipande cha mbavu, akanipa jani langu, na nikala, nikalamba vidole. Mmea uliogawanyika mara mbili karibu na shina ulikuwa nyuma ya mgongo wangu. Nilijua bila kugeuka. Ndipo alipopachagulia jina.

Wiki chache baadaye habari zilienea kwamba kundi jingine linakuja kutoka upande wa Beni. Komanda akaamua kuchimba mahandaki kilimani, palepale, kwa sababu bunduki yake kubwa ingeona njia zote. Masika alizipata habari sokoni. Alikuja mlangoni pangu mikono ikiwa bado na unga, na wakati ule tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana, maana mume wake alikuwa amepita nyumbani kwa muda mfupi na kuondoka tena.

“Mwalimu, beko naenda kuchimba kule ku batoto,” alisema. “Ule mutu anakusikiaka weye. Umuambie tu. Basoda banaogopaka makaburi, batahama peke yao.”

Nilimwambia nitamwambia. Nilikwenda kweli. Nimeipima safari ile mara nyingi: niliteremka nikiwa na sentensi tayari, kwa Kifaransa, yenye adabu. Alikuwa mezani. Wakati ninasubiri sebuleni nilimsikia akimweleza msaidizi wake kwa Lingala kwamba kilima kile ni bora kwa sababu hakina nyumba wala mwenyewe, professeur mwenyewe amethibitisha, ni mipaka ya mashamba tu. Kisha akaniita ndani na kunivutia kiti. Kulikuwa na wali, na nyama ya ng'ombe yenye mchuzi mwekundu, na mafuta yaliyoganda pembeni mwa bakuli. Ili niseme makaburi, ingebidi kwanza niseme nilikudanganya, na kwamba tulikula juu ya watoto wale, wewe na mimi. Nilitafuta mahali pa kuanzia. Alinijazia sahani. Aliuliza kama mwanzi wa mlimani unafaa kwa kuezekea mahandaki, nami nikamjibu kwa urefu, vizuri sana.

Nyumbani nilimwambia Masika kwamba Komanda hakuwepo. Alikuwa anapepeta maharage. Hakuinua kichwa.

“Uko nanuka nyama,” alisema.

Asubuhi askari walianza kuchimba, na Komanda akaniita nipande naye kutazama kazi. Walikuwa wamekata muramura mingi na kuifunga juu ya vichwa vyao na juu ya bunduki, ili isionekane. Udongo waliutupa mteremkoni. Sikutazama udongo. Kutoka chini, kwenye njia ya jiwe la ngazi, alitokea Masika, jembe begani, beseni ya bati kichwani, tumbo mbele. Hakusalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye ule mmea wake, ambao handaki lilikuwa limekaribia kuufikia, akashusha beseni, akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa jembe lililoshikwa karibu na chuma, kama mtu anayeogopa kukata kitu. Askari mmoja alimfokea. Komanda akanyanyua mkono kumnyamazisha, akanigeukia, akiwa na udadisi ule ule wa Jumapili zote.

“Anachimba nini, huyu mama?”

Masika alisikia. Tulikuwa karibu kiasi hicho. Alisimamisha jembe, lakini hakugeuka. Mpaka leo sijui alitaka niseme nini. Labda bado alikuwa akinisubiri, hata baada ya yote.

“Mateke, mon commandant,” nilisema. Mateke ni majimbi, chakula cha kila siku kwetu. “Alipanda mateke hapa.”

Komanda alifurahi. Akawaambia askari wamwache mama avune chakula chake, wao si wanyama, na akanitazama ili nione jinsi alivyo mwema. Nikatikisa kichwa kukubali. Masika aliendelea. Kitu alichokitoa alikifunga katika kitenge chake akiwa ametugeuzia mgongo, akakiweka kwenye beseni, akakifunika udongo kwa mikono yake, na juu yake akaweka kile kimuramura chenye mizizi, majani yakining'inia nje kama ya mboga. Yeyote aliyemwona angesema anatoka shambani. Askari aliyemfokea ndiye aliyemtwika. Wengine wenye watoto pale juu hawakuja, au walikuja jioni, ambapo kila kitu kilikuwa kimegeuzwa. Siku zilizofuata mvua iliteremsha udongo ule mpaka kwenye chemchemi, na watu walichota maji mahali pengine kwa muda, bila kuelezana kwa nini.

Nilimwomba Komanda ruhusa, nikamfuata Masika kwa mbali. Alipita njia ile ile niliyoigeuza maonyesho: jiwe la ngazi, chemchemi, nyumba ya bomba la moshi. Alitembea kwa mwendo wa mtu anayebeba maji yaliyojaa. Wanawake wa chemchemi walimwona na majani yale juu ya beseni, wakaacha kuongea, na mmoja baada ya mwingine wakasimama. Mimi nilipopita walikwisha kuketi. Masika alichimba nyuma ya jiko lake, akazika, akapanda muramura, akaukanyaga udongo kwa nyayo zake. Nilikuwa nimesimama pembeni, nimevua kofia, nikitafuta tena sentensi. Alinitupia ile beseni tupu, ikalia miguuni pangu.

“Si ulisema ni mateke,” alisema. “Kuja umenye.”

Nilifungasha vitu vyangu wiki ile na kurudi Beni. Komanda aliondoka pia baada ya muda, akifukuzwa na wengine waliofanana naye, na sikusikia kama alikufa au alipewa cheo. Nilifundisha mpaka nikastaafu. Nimewahi kuwatembeza wanafunzi kuwaonyesha mito na mawe, na kila mmoja alipouliza hiki ni nini, nilikitazama upya kabla sijajibu. Watu walinisifu kwa kupima maneno. Sikuwa napima, nilikuwa namsikiliza yule mimi wa mwaka ule, kama bado yumo ndani yangu, na yumo.

Basi nilifika matangani. Ua wa Masika umezungushiwa matofali sasa, lakini jiko liko palepale, na mlango wa chumba changu umezibwa. Wanawake walikuwa wakipika maharage kwenye masufuria makubwa. Vijana walikuwa wakisimamisha nguzo za turubai, yaani bâche, kwa haraka kwa sababu mawingu yalikuwa yamekusanyika juu ya Vulamba, na juu kule muziki wa nganda ulikuwa ukipiga bila kujali. Anayeongoza vijana alikuwa mwanamume mrefu mwenye kidevu cha mama yake. Alinisalimia kwa heshima, akasema mama aliwahi kutaja mwalimu aliyekaa hapa. Hakusema alitajaje. Kisha akageukia nyuma ya jiko, ambako muramura umekuwa kichaka kinene kuliko mtu, akatema mate kiganjani na kuinua panga.

“Papa, samahani, sogea kidogo,” aliniambia. “Hii mimea iko nasumbua bâche.”

Nilimuuliza kama anajua ni ya nini.

“Mama alisemaka ni ya mupaka tu.”

Nilisimama hapo. Masika alikuwa amechukua maneno yangu, yale yale, labda kwa midomo ya askari, akawalisha watoto wake miaka yote ile, na mimi nilikuwa wa mwisho aliye hai kujua yalikotoka. Ningeweza kuyaacha. Mpaka katikati ya kiwanja, nyuma ya jiko, na kijana mzima hakuwahi kujiuliza unatenganisha nini na nini. Panga lilikuwa juu. Harufu ya mbuzi wa Belle Vue ilikuwa imefika mpaka uani, na mate yakanijaa mdomoni, sijui ya kichefuchefu au ya njaa. Mwili wangu haujawahi kujua tofauti.

“Si mupaka,” nilisema. “Ni kaburi.”

Aliteremsha panga polepole. Akauliza ni la nani.

“Weye unaitwa nani?”

“Kambale,” alisema, kisha akatazama ule muramura uliogawanyika mara mbili karibu na shina.

Nguzo ilihamishwa. Turubai likakaa upande, kona moja ikawa fupi, na mvua ilipoanza maji yaliingia kwa waombolezaji upande ule. Walilalamika alasiri yote, wakiuliza ni mjinga gani aliyefunga turubai vibaya namna hii. Kambale aliendelea kukaza kamba upande wa pili. Nilisogeza kiti changu nikakaa penye kuvuja.